Kufundisha Njia ya Uzito na Njia ya Jua: Majengo Marefu ya Nchi za Joto Kama Somo

Somo la ujenzi katika vyuo vyetu hugawanywa mara nyingi katika mafungu mawili yasiyojuana. Katika fungu la kwanza mwanafunzi huchora sura ya jengo: milango, madirisha, paa, na mapambo ya upande wa mbele. Katika fungu la pili hufundishwa nguzo, boriti, zege na nondo, na kwa kawaida hufundishwa na mwalimu mwingine, katika chumba kingine na kwa saa nyingine. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huondoka akiamini kuwa sura ya jengo ni kazi ya msanifu, na uimara wake ni siri ya mhandisi isiyoonekana kwa macho. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna moja ya kuyaunganisha mafungu hayo mawili, kwa kuyatumia majengo marefu ya nchi za joto ambayo mifupa yake ndiyo sura yake.

Jambo hili si la uzuri peke yake.  Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na watu 36 wakafa. Mwezi Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo. Nairobi nayo haikusahau Aprili 2016, jengo la Huruma lilipoua makumi ya watu. Hatusemi kwamba misiba hiyo ilitokana na ufundishaji. Kupima chanzo cha kila mmoja ni kazi ya wengine. Lakini wanafunzi wetu ndio watakaokuwa walimu wa shule za ufundi, wasimamizi wa kazi, na wapangaji wa vyumba hivyo. Mtu asiyezoea kujiuliza uzito unakwenda wapi hana namna ya kushtuka anapoona nguzo imeondolewa ili duka la chini lipate nafasi.

Tunapoanza somo hili huwapa wanafunzi zoezi moja kabla ya maelezo yoyote. Huwataka wachore upande mmoja wa darasa walimokaa, kisha waonyeshe kwa mishale njia ambayo uzito wa paa unapita hadi kufika ardhini. Zoezi ni dogo, lakini huwafichua wengi. Wako wanaoanza mishale chini na kuipandisha juu, kana kwamba nyumba huota kama mchicha. Wako wanaoipitisha mishale katikati ya dirisha, kwenye kioo. Wengine huifikisha juu ya dirisha na kuiacha hapo. Mwalimu asiwacheke. Awaulize tu: "Uzito huu sasa unakwenda wapi?" Mara wataiona lenta ambayo wameikalia chini yake muhula mzima bila kuijua kazi yake.

Baada ya hapo darasa huwa tayari kwa jengo la kwanza, nalo ni OCBC Centre la Singapore. Jengo hili lilikamilika mwaka 1976. Msanifu wake alikuwa I. M. Pei, na wahandisi wa muundo walikuwa Ove Arup. Lina ghorofa 52 na urefu unaokaribia mita 198. Tunalichagua kwa sababu mwanafunzi akiitazama picha yake iliyopigwa kutoka mbali anaweza kuisoma njia ya uzito pasipo kuuona mchoro wa ndani hata mmoja. Pembeni husimama minara miwili ya zege iliyo nusu duara, ambayo ndani yake mna lifti na ngazi. Baina ya minara hiyo zimewekwa boriti kuu katika viwango vitatu: ghorofa ya 4, ya 20 na ya 35. Juu ya kila kiwango limeketi fungu la ghorofa kadhaa, na kila fungu huonekana kama sanduku lililowekwa kwenye rafu ya kabati. Wasanifu wengi wangelifunika jambo hili kwa ukuta mmoja laini kutoka chini hadi juu. Hapa limeachwa wazi, hata mpita njia asiyejua hesabu huona kwamba kuna kitu kinachobeba na kitu kinachobebwa.

Mfano wake darasani hauhitaji fedha. Panga matofali manne manne yawe minara miwili, na baina yake acha nafasi ya urefu wa rula. Juu ya minara hiyo laza ubao mwembamba wa kuunganisha, kisha endelea na matofali mengine juu ya ncha za ubao, halafu ubao wa pili, na vivyo hivyo mpaka wa tatu. Jaza mchanga katika viberiti vitupu, na upange viberiti sita sita juu ya kila ubao. Viberiti ndivyo ghorofa. Kando yake simamisha mnara mwingine wa viberiti 18 vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kuanzia mezani.

Sasa mwanafunzi mmoja aguse kiberiti cha chini kabisa katika mnara wa kando, akijaribu kukichomoa. Hakichomoki kwa urahisi, kwa kuwa kinabeba wenzake 17. Kisha aguse kiberiti cha chini kabisa katika mfano wa Singapore. Kinabeba watano tu. Mafungu ya juu hayamhusu. Uzito wao umepita pembeni, ukaingia katika matofali, ukashuka kwa njia yake. Ndiyo sababu katika jengo lenyewe mafundi waliweza kujenga mafungu matatu kwa wakati mmoja, bila fungu la juu kungoja la chini limalizike. Ndiyo sababu pia ukumbi wa benki ulio chini uliweza kuwa mpana, usio na msitu wa nguzo katikati.

Hapa yafaa mwalimu awe macho, kwa kuwa darasa karibu lote litafikia hitimisho lisilo sahihi: kwamba ufundi wa Pei na wahandisi wake umeupunguza uzito. Kila mwaka tumelisikia jibu hilo, na mara nyingi kutoka kwa wanafunzi walio hodari. Uzito haukupungua hata ratili moja. Umebadilishiwa njia tu, na wale waliokubali kuubeba wamebebeshwa zaidi. Mwalimu aliweke tofali la chini la mnara juu ya karatasi iliyolainika kwa maji, aliondoe baadaye na kuwaonyesha alama iliyoachwa, kisha afanye vivyo hivyo bila viberiti. Boriti kuu nazo zimelipa gharama: ule ubao wa kwanza, ukiwa mwembamba, utapinda mbele ya macho yao. Wapewe ubao wa unene mara mbili wajaribu tena. Watatambua wenyewe kwamba ukumbi usio na nguzo hununuliwa kwa boriti nene, na kwamba mwenye nyumba aondoaye nguzo bila kununua boriti amekopa mahali ambapo deni halisamehewi.

Hata hivyo, jengo la Singapore haliwezi kuwa somo zima. Mifupa yake husema wazi juu ya uzito, lakini juu ya jua husema machache. Kazi ya kuleta baridi imeachiwa mitambo. Nasi tunafundisha watu ambao wengi wao watajenga mahali ambapo umeme hukatika na fundi wa mitambo hukaa mbali. Swali la pili la somo letu basi ni hili: je, mifupa inayobeba jengo yaweza pia kulitia kivuli?

Wazee wa pwani walilijibu swali hilo zamani. Bait al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilizungukwa na baraza pana zilizoshikwa na nguzo ndefu za chuma, na nguzo hizo ndizo zilizoipa sura yake yote. Hakuna aliyeiangalia kutoka baharini akauliza mapambo yako wapi. (Sehemu ya jengo hilo ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Mwalimu akiitumia picha yake, awaambie wanafunzi hilo pia.) Tatizo ni kwamba baraza ya aina ile husimama juu ya nguzo zake zenyewe kutoka ardhini, na katika jengo la ghorofa 25 nguzo kama hizo hazifai. Baraza ya juu hulazimika kuning'inia, yaani kushikwa upande mmoja tu. Hapo ndipo jua na uzito hukutana, na ndipo tunapowataka wanafunzi wachukue kalamu.

Tuchukue dirisha lenye kimo cha mita 1.5 katika Dar es Salaam, ambayo iko karibu digrii 7 kusini ya Ikweta. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua husimama upande wa kaskazini, kiasi cha digrii 30 kutoka utosini. Ili kulifunika kwa kivuli dirisha linalotazama kaskazini, bamba la zege lililo juu yake linahitaji kutokeza mita 1.5 mara tanjenti ya digrii 30, yaani karibu mita 0.87. Kwa dirisha linalotazama kusini, mwezi Desemba, pembe ni kama digrii 17, na mita 0.45 zatosha. Asubuhi na alasiri hitaji huongezeka, lakini kipimo hubaki kile ambacho fundi yeyote hukimudu. Sasa liwekwe dirisha lile lile upande wa magharibi, na tutazame saa kumi alasiri katika majira ya mwezi Machi au Septemba. Jua liko karibu digrii 30 tu juu ya upeo wa macho, nalo hupiga ukuta moja kwa moja. Bamba linalotakiwa sasa ni mita 1.5 mara tanjenti ya digrii 60, karibu mita 2.6.

Mwanafunzi ataona kwamba bamba limerefuka mara 3 na atadhani kwamba kazi imeongezeka mara 3. Mwalimu amrudishe kwenye kanuni ya boriti iliyoshikwa upande mmoja: nguvu ya kuikunja penye ukuta huongezeka kwa kipeo cha pili cha urefu wake. Mara 3 za urefu ni mara 9 za mkunjo. Kwa maneno mengine, kuligeuza dirisha kutoka kaskazini kwenda magharibi, jambo ambalo mchoraji hulifanya kwa kuzungusha karatasi mezani, humfanya mhandisi apambane na nguvu karibu mara 9. Hatujui hesabu nyingine fupi kiasi hiki inayowaonyesha wanafunzi kwamba sura na uimara ni jambo moja. Tangu tuianze, wale wenye kupenda uchoraji wameacha kusinzia katika vipindi vya hesabu.

Baada ya kuikokotoa hesabu hiyo ndipo tunapowaonyesha Kanchanjunga, jengo la makazi katika mji wa Mumbai, India, lililokamilika mwaka 1983. Msanifu wake alikuwa Charles Correa. Ni mnara wa mraba wenye upana wa mita 21 na kimo cha mita 84, nao una nyumba 32. Shida aliyokuwa nayo Correa inafahamika kwa kila mkazi wa pwani ya joto. Katika Mumbai upepo mwanana wa bahari hutoka magharibi, lakini jua kali la alasiri hutoka huko huko, na mvua za pepo za kusi nazo hupiga kutoka huko. Akiufungua upande ule, jua na mvua vitaingia. Akiufunga, upepo utakosekana. Katika nyumba za zamani za mji huo baraza ilizunguka vyumba na kuvikinga. Correa aliichukua baraza hiyo akaipandisha juu angani: katika pembe za mnara alichimba bustani zenye kimo cha ghorofa mbili, zilizofunikwa juu na zilizo wazi kwa upepo, na vyumba vikarudi ndani kivulini.

Wanafunzi waulizwe swali lao: uzito wa pembe hizo unakwenda wapi, ilhali hakuna nguzo kwenye pembe? Katikati ya mnara umesimama mhimili mkuu wa zege, wenye lifti ndani yake, ambao ndio pia unaolizuia jengo lisisukumwe na upepo. Kutoka katika mwili wa jengo sakafu zimetokeza kwa mita 6.3 zikiwa zimeshikwa upande mmoja. Wakilinganisha na bamba letu la mita 2.6 watapata kwamba mkunjo, kwa uzito ule ule wa kila mita, ni karibu mara 6. Kwa hiyo pembe zile zilizo tupu, zinazoonekana kutoka barabarani kama vinywa vilivyo wazi, ndizo zilizogharimu kazi kubwa kuliko sehemu zote. Nazo ndizo sura ya jengo. Katika maoni yetu Kanchanjunga limejibu maswali yote mawili kwa pamoja, jambo ambalo majengo makubwa kuliko hilo hayakulifanya.

Kwa darasa lenye muda, Menara Mesiniaga la Malaysia ni nyongeza nzuri. Jengo hili la ghorofa 15 lilisanifiwa na Ken Yeang na kukamilika mwaka 1992. Yeang hakuuweka mhimili wa lifti na ngazi katikati. Aliusogeza upande wa mashariki uwe ngao ya jua la asubuhi. Mwanafunzi atauliza kwa nini kila mtu hafanyi hivyo. Mpe sanduku la karatasi lisilo na kifuniko, ukuta mmoja ukiwa umetiwa ubao na kuta nyingine zikiwa laini, kisha mwambie alisukume kwa kidole. Litajipinda, likizunguka ule ukuta mgumu. Mhandisi hana budi kuitafutia dawa hali hiyo, na dawa hiyo huonekana katika gharama. Wenzetu wa Nairobi wanaweza kutumia Kenyatta International Convention Centre, mnara wa ghorofa 28 uliokamilika mwaka 1973 na kusanifiwa na Karl Henrik Nøstvik pamoja na David Mutiso. Umbo lake linalokaribia duara halina upande wa kuligeuzia jua mgongo, nalo laweza kuzua mjadala mzuri.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo tunaloliona kuwa zito kuliko yote yaliyotangulia. Chukua kipande kirefu cha sponji ya godoro na uchore kwa wino mistari ya wima ubavuni mwake. Kilaze juu ya matofali mawili, kisha kibonyeze katikati. Mistari itakaribiana juu na kuachana chini. Juu zege linabanwa, nalo hulivumilia hilo. Chini linavutwa, nalo haliwezi kuvumilia, ndiyo sababu nondo huwekwa chini. Mwanafunzi atakuonyesha kwa kuvunja chaki: ukiisimamisha na kuibonyeza hustahimili, ukiikunja hukatika mara moja. Sasa kibane kipande kile cha sponji upande mmoja tu, chini ya tofali, na uibonyeze ncha inayoning'inia. Mistari itageuka. Itaachana juu na kukaribiana chini. (Mahali pasipo sponji, kipande kirefu cha ugali mgumu uliopoa hufaa sana, kwa kuwa ufa wake huanza mahali hasa panapotakiwa kuonekana.)

Katika baraza, katika roshani, na katika kila bamba la kivuli tulilolikokotoa, nondo kuu hukaa juu. Wanafunzi waliokariri kwamba "nondo huwekwa chini" wataziweka chini, na zege litashika, na mbao zitakapoondolewa baraza itasimama kwa kitambo ikibebwa na bahati. Hata zikiwekwa juu, mafundi wenye toroli za zege hupita juu yake na kuzikanyaga mpaka zinalala chini, wala hakuna atakayejua, kwa kuwa baada ya saa moja zimekwisha fukiwa. Kwa sababu hiyo hulimaliza somo nje ya darasa. Kwa ruhusa ya msimamizi, huwapeleka wanafunzi kwenye jengo ambalo baraza zake bado hazijamwagwa zege, wakiwa na rula, karatasi na kofia za kujikinga. Kila mmoja huchora baraza moja kwa upande, hupima umbali wa nondo za juu kutoka kwenye mbao za chini, huandika kitu kinachozishikilia zisizame, na hueleza kwa mishale njia ya uzito kutoka ncha ya baraza hadi ardhini. Kisha husimama palepale na dira, na kuandika upande baraza hiyo unaoutazama, na saa ambayo jua litaifikia.

Ziara hiyo huchukua alasiri moja. Mwalimu aende siku mbili kabla kuulizia siku ya kumwaga zege, maana tarehe hubadilika mara kwa mara, na darasa likichelewa kwa siku moja hakutakuwa na cha kupima.